Vifaa vya mkono kwa matengenezo madogo ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi katika nyumba ya kawaida ya mjini au kijijini, yenye koki mbili tatu, milango ya mbao, soketi za umeme na kuta za tofali, ambaye angependa kuziba uvujaji au kukaza kitasa bila kumsubiri fundi kwa wiki nzima. Hayakukusudiwa kumfundisha mtu ufundi kamili.

Ninataka kununua vifaa vya nyumbani kwa mara ya kwanza. Nianzie wapi?

Anzia nyumbani kwako, si dukani. Chukua daftari na kalamu, upite chumba hadi chumba ukiandika kila kinacholegea, kinachovuja, kinachokwama au kilichong'oka, kisha uangalie kila kimoja kimeshikiliwa na nini: je, ni skrubu ya kichwa cha nyota au cha mfereji mmoja, ni nati ya milimita ngapi, ni msumari wa inchi ngapi? Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini. Mtu anayekwenda dukani bila orodha huuziwa kinachong'aa, na akirudi hukuta kwamba spana aliyonunua haiingii kwenye nati yoyote iliyomo nyumbani mwake.

Kwa nyumba nyingi za kwetu, ukaguzi huo huzaa orodha fupi inayofanana: bisibisi tano zinazonunuliwa moja moja, nyundo ya kung'olea misumari, spana moja ya kurekebisha, koleo au plaizi, futi ya kupimia, msumeno wa chuma, kisu cha kukatia chenye wembe unaobadilishwa, testa ya umeme, tepe ya uzi (utepe mwembamba wa kuzuia maji kuvuja kwenye uzi wa bomba, yaani mifereji ya kukazia iliyo kwenye ncha yake) na mpira wa kuzibulia sinki. Vingine vyote vinaweza kusubiri hadi kazi yenyewe ivihitaji.

Je, si nafuu kununua mkoba wenye vipande mia na zaidi kwa bei moja?

Kwa kawaida hapana. Ukifungua mkoba huo na kuhesabu kwa makini, utaona kwamba sehemu kubwa ya idadi ni vichwa vidogo vya bisibisi vinavyojirudia, soketi za kufungulia nati za magari ambazo nyumba haizihitaji, na pakiti za misumari midogo. Wakati huohuo vile vitu ambavyo kwa kweli utavitumia kila mwezi, yaani bisibisi, koleo na spana, huwa ndivyo vilivyotengenezwa kwa chuma hafifu. Fedha hiyohiyo ikinunua vifaa vitano vizuri, vitano hivyo vitakuhudumia kwa miaka mingi. Ninaushikilia ushauri huu kwa nguvu hata kwa mtu mwenye kipato kidogo. Anunue kimoja kila mwezi, lakini anunue kilicho imara.

Bisibisi zipo za aina nyingi. Nichague zipi, na kwa nini vichwa vya skrubu vinaharibika kila ninapovikaza?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu bisibisi isiyolingana na skrubu ndiyo inayoharibu vitu vingi zaidi majumbani, kuanzia vitasa hadi vifuniko vya soketi.

Bisibisi bapa inapaswa kuujaza mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Ikiwa nyembamba kuliko mfereji, hucheza ndani na kuzimenya kingo. Ikiwa pana kuliko kichwa, hukwaruza mbao au plastiki inayoizunguka. Ndiyo maana bisibisi bapa moja haitoshi. Unahitaji ndogo ya upana wa milimita 3 hivi kwa skrubu zinazobana nyaya ndani ya plagi, na nyingine ya milimita 6 hivi kwa skrubu za mbao.

Bisibisi za nyota zina siri ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Zipo za namna mbili zinazofanana machoni. Ya kwanza huandikwa PH kwenye shingo yake, na ya pili huandikwa PZ. Skrubu za PZ hutambulika kwa mistari minne midogo iliyochorwa kati ya mikono ya msalaba, na hupatikana sana kwenye skrubu za kisasa za mbao na samani za kuunganisha. Ukitia bisibisi ya PH kwenye skrubu ya PZ, itaingia, lakini haitashika kuta za tundu. Ukiongeza nguvu itaruka na kukichimba kichwa. Namba inayofuata herufi hizo ni ukubwa, na kwa kazi za nyumbani namba 2 ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi, ikifuatwa na namba 1 kwa vitu vidogo. Kwa hiyo nunua PH2, PZ2 na PH1, na utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya shida.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuing'oa skrubu moja nyumbani na kwenda nayo dukani. Itie bisibisi kwenye kichwa chake, uishike bisibisi ikiwa imelala: ikiwa inalingana vizuri, skrubu haitadondoka kwa urahisi wala kuchezacheza. Mpini nao uujaribu kwa kiganja chako mwenyewe. Mpini mwembamba na laini huteleza mkono ukiwa na jasho, na mtu mwenye kiganja kidogo hupata taabu na mpini mnene ambao mwenzake anausifu.

Wakati wa kukaza, sukuma kwanza kisha zungusha. Nguvu ya kusukuma ndiyo inayoizuia bisibisi isiruke.

Nyundo ya uzito gani inafaa?

Nyundo yenye kichwa cha wakia 16, yaani takriban gramu 450, na yenye makucha ya kung'olea misumari nyuma, inatosha kwa karibu kila kazi ya nyumbani. Kabla ya kulipa, shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, kisha ujaribu kuvitenganisha. Kikicheza hata kidogo, irudishe, maana kichwa kinachochomoka wakati wa kupiga huweza kumjeruhi mtu aliyesimama mbali. Mpini wa mbao mzuri una nyuzi zinazokwenda sambamba na urefu wake, bila fundo.

Usiitumie nyundo hiyo kupigia tindo wala nyundo nyingine. Uso wake umekusudiwa misumari ya kawaida, na vyuma viwili vigumu vinapogongana vinaweza kumeguka kipande kinachoruka kuelekea machoni. Misumari ya zege nayo ni migumu na hukatika ghafla, kwa hiyo vaa miwani ya kujikinga kila unapoipigilia.

Koki inavuja. Ninahitaji spana gani?

Spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wengi huiita spana malaya, ndiyo inayofaa nyumba kwa sababu taya zake hupanuka na kubana kulingana na nati. Chagua ya inchi 10. Ya inchi 8 ni nyepesi na inapendeza mkononi, lakini nati za viungio vya koki ya nusu inchi wakati mwingine hukaribia milimita 30, na taya za spana ndogo hazifiki huko. Unapoichagua, zungusha gurudumu lake hadi taya zikutane: zikikutana bila kuacha mwanga katikati, na taya inayosogea isitikisike sana, hiyo ni spana nzuri.

Namna ya kuitumia ina umuhimu uleule wa kuichagua. Bana taya hadi ziguse pande za nati kabisa, kisha ivute spana kwa namna ambayo nguvu kubwa itaangukia taya isiyosogea. Maana yake ni kwamba unaizungusha kuelekea upande uliko taya inayosogea. Ukifanya kinyume, taya inayosogea hulegea na nati hugeuka mviringo.

Kuhusu vipimo vya mabomba, watu wengi hurudi dukani mara mbili kwa kosa moja. Bomba linaloitwa la nusu inchi halina uzi wenye upana wa nusu inchi. Ukipima kwa futi nje ya uzi wake utapata takriban milimita 21, na la robo tatu utapata takriban milimita 26. Majina hayo yalitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Kwa hiyo usimwambie muuzaji kwamba unataka kitu cha milimita 21. Mwambie nusu inchi, au afadhali zaidi, mpelekee kile kilichoharibika.

Funga koki kuu kabla ya kulegeza chochote, kisha ufungue koki mbovu ili maji yaliyobaki yatoke. Koki ya kizamani inayozungushwa mara kadhaa ina washa ya mpira ndani, na mara nyingi washa hiyo ndiyo inayochakaa, nayo ni kitu cha bei ndogo sana. Koki inayofunguka kwa robo mzunguko haina washa ya namna hiyo, bali ina katriji yenye visahani vya kauri, na ikivuja hubadilishwa katriji nzima.

Tepe ya uzi nizungushe kuelekea upande gani?

Shika bomba uzi wake ukikuelekea, kisha zungusha tepe kufuata mwendo wa mikono ya saa, ukiivuta kidogo ili ikae ndani ya mifereji ya uzi. Ukizungusha kinyume, kiungio kitakapokazwa kitaikunja tepe na kuitoa nje. Kiungio chenye mpira wake wa ndani, kama nati ya mpira wa kupeleka maji kwenye sinki, hakihitaji tepe, kwa sababu mpira huo ndio unaozuia maji.

Koleo langu lina mpini wa plastiki nyekundu. Je, ninaweza kushika nyaya zenye umeme?

Hapana, na ninaomba jibu hili lisomwe hadi mwisho.

Plastiki iliyochovywa kwenye mipini ya koleo nyingi ni ya kuusaidia mkono usiteleze. Koleo lililotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya kazi za umeme huwa na alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V yaliyochongwa kwenye mpini wenyewe, si kubandikwa kwa karatasi. Hata ukiwa na koleo hilo, kanuni ya nyumbani ni moja: zima swichi kuu kwanza. Umeme wa majumbani, wa volti 230 Tanzania na volti 240 Kenya, unatosha kuua, hasa mtu akiwa amesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu.

Testa ya bisibisi yenye taa ndogo ndani ni ya bei nafuu na kila nyumba inapaswa kuwa nayo, lakini iaminike kwa kiasi. Taa yake ni hafifu, haionekani vizuri kwenye jua, na testa iliyoharibika haiwaki, jambo linaloweza kumdanganya mtu akadhani waya hauna umeme. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua kwamba ina umeme na ambayo haizimwi na swichi kuu uliyoizima, kisha pima pale unapotaka kufanya kazi, halafu urudi tena kwenye ile soketi ya kwanza kuhakikisha bado inawaka.

Kazi ambazo mtu wa nyumbani anaweza kuzifanya kwa bisibisi yake ni kubadilisha fyuzi ya plagi, kukaza nyaya ndani ya plagi iliyochomolewa ukutani, na kubadilisha taa. Kutandaza nyaya mpya au kugusa kisanduku cha swichi kuu ni kazi ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni yake bila kuona haya.

Futi ya kupimia ina ncha inayochezacheza. Je, ni mbovu?

La. Ncha ile husogea kwa kiasi cha unene wake yenyewe, kwa makusudi. Unapoing'ang'aniza ukingoni mwa ubao huvutika nje, na unapoisukuma dhidi ya ukuta hurudi ndani, ili vipimo vyote viwili viwe sahihi. Usiigonge nyundo kuikaza. Nunua ya mita 5 yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, kwa kuwa misumari, mbao na mabomba kwetu huuzwa kwa inchi ilhali vigae na vioo hupimwa kwa sentimita.

Je, ninahitaji pimamaji?

Ukitundika rafu au kabati, ndiyo, kwa kuwa kiputo chake huonyesha kama kitu kimelala sawasawa. Ijaribu dukani kwa kuilaza juu ya kaunta, kuusoma mkao wa kiputo, kisha kuigeuza kichwa chake kiwe mkiani mahali palepale. Kiputo kisipoegemea upande uleule wa kaunta, kwa kiasi kilekile cha mara ya kwanza, pimamaji hiyo haifai, hata kama kaunta yenyewe imeinama.

Mlango unakwama wakati wa masika. Ninunue randa?

Usinunue bado. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba msimu wa mvua, kisha hunywea kiangazi kinapofika. Ukiuranda mlango Aprili, Septemba utakuwa na upenyo wa kupitisha mbu. Tena mara nyingi tatizo halipo kwenye ubao, bali skrubu za bawaba ya juu zimelegea na mlango mzima umeinama. Uinue mlango kidogo kwa mpini wake. Ukisikia unapanda, kaza skrubu hizo kwanza. Kama tundu limepanuka na skrubu inazunguka bila kushika, jaza tundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, vikate viwe sawa na uso wa fremu, acha gundi ikauke, kisha urudishe skrubu. Kazi hiyo inahitaji bisibisi na kisu tu.

Mlango ukiendelea kukwama hata wakati wa ukame, hapo piga msasa au randa mahali panapogusa, kisha upake rangi au vanishi kwenye ukingo uliowazi, kwa sababu ukingo usiopakwa kitu ndio unaonyonya unyevu.

Wembe gani wa hekso, yaani msumeno wa chuma, unafaa kukatia bomba na chuma?

Hekso ya kawaida hutumia wembe wa inchi 12. Hesabu ya meno kwa kila inchi ndiyo inayoamua: 24 hutumika kwa kazi nyingi, 32 kwa bati na mabomba membamba ya chuma, na 18 kwa vipande vinene na laini. Angalau meno matatu yawe juu ya unene wa kitu kwa wakati mmoja, vinginevyo wembe utanasa na kuvunjika meno. Ufunge meno yakielekea mbele, mbali na mpini, na uubane hadi ukakamae.

Ninataka kutundika kabati ukutani. Je, misumari inatosha?

Kwa picha nyepesi, msumari wa zege unatosha. Kwa kabati litakalobeba vyombo, hautoshi, kwa sababu plasta humeguka na msumari hulegea taratibu. Hapo panahitajika skrubu na vile vizibo vya plastiki vinavyoitwa fisha, na tundu lililotobolewa kwa drili yenye biti ya ukuta ya kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye fisha. Drili ni kifaa ambacho ningeshauri uazime au ukodi, maana nyumba huihitaji mara chache mno. Kabla ya kutoboa, angalia swichi na soketi zilipo: nyaya kwa kawaida hupita ukutani wima au mlalo kutoka pale, kwa hiyo epuka kutoboa juu yake, chini yake au kandokando yake.

Nitautambuaje ubora dukani, ilhali majina maarufu huigwa?

Jina na alama ya Cr-V, inayomaanisha chuma chenye kromu na vanadiumu, haviwezi kuaminiwa peke yake, kwa sababu yeyote anaweza kuvichonga. Tazama kazi yenyewe. Ncha ya bisibisi iwe na kingo safi zisizo na mabaki ya kuyeyushwa. Taya za koleo zikutane sawasawa, na sehemu ya kukatia ikikaza isipitishe mwanga. Kiungo chake kifunguke kwa ulaini bila kuyumba. Rangi nene inayoficha uso mzima wa chuma ni jambo la kulitilia shaka, kwa kuwa huweza kuficha nyufa. Muombe muuzaji akuruhusu kukata kipande cha waya. Mwenye kuiamini bidhaa yake hatakataa.

Vifaa vilivyotumika je?

Vinaweza kuwa bora kuliko vipya vya bei ileile. Katika masoko ya vyuma na vipuri kama Gerezani jijini Dar es Salaam, mtu mvumilivu hupata spana na koleo za zamani zilizofuliwa kwa chuma kizuri. Kutu ya juujuu husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Kataa chenye ufa, taya zilizolika, au dalili ya kuchomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea hulainisha chuma kilichokuwa kimekazwa.

Tunaishi pwani na kila kifaa kinashika kutu. Tufanyeje?

Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja haisamehe. Baada ya kazi, futa jasho na maji, kisha upitishe kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya mashine, ukianza na viungo na gurudumu la spana. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa kuwa huganda yakawa ulimbo unaonata vumbi. Usiweke vifaa chini ya sinki wala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ambamo unyevu hunaswa. Sanduku la bati, kama yale yanayofuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, linatosha kabisa likiwekwa mahali pakavu, palipo juu kuliko mikono ya watoto.

Mimi ni mpangaji. Kuna haja ya kununua vyote hivi?

Nunua bisibisi, spana, testa na tepe ya uzi, kisha mjulishe mwenye nyumba kabla ya kugusa bomba au kitasa. Mkubaliane mapema nani analipia vipuri, na utunze risiti.

Ni wakati gani niviweke vifaa chini na kumwita fundi?

Bomba likivuja ndani ya ukuta, swichi ikinuka kuungua au ikiwa ya moto ukiigusa, soketi ikitoa cheche, au paa likihitaji mtu apande. Harufu ya gesi nayo haitengenezwi kwa spana: funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, watoe watu nje, kisha umpigie simu aliyekuuzia gesi ukiwa nje ya nyumba. Kwa mengine, fundi akija, kaa karibu umtazame na umuulize anatumia kipimo gani na kwa nini, kisha ukiandike kwenye lile daftari la ukaguzi pamoja na ukubwa wa nati, washa au fyuzi aliyobadilisha.